Pembe Bandarini: Dubai, Pwani ya Waswahili na Sheria za Viumbe Walio Hatarini

Mwezi wa Januari 1988 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitoka katika mkataba wa CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Ulikuwa umeingia mapema sana, Novemba 1974, dola yenyewe ikiwa haijatimiza miaka mitatu, na ulikuwa miongoni mwa nchi kumi za kwanza ambazo kwa ridhaa zao mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1975. Februari 1990 ukaridhia tena na kurejea. Hakuna nchi nyingine iliyowahi kujitoa katika mkataba huo.

Kwa sisi tunaofuatilia tarikhi ya bahari hii, miaka hiyo miwili ina mafunzo kuliko vitabu vingi vya sheria. Ukiwauliza watu kwa nini serikali hutunga sheria za kulinda wanyama, watakutajia uzuri wa viumbe, amana ya Mwenyezi Mungu, fedha za watalii, na haki ya wajukuu kuwaona ndovu kama babu zao walivyowaona. Yote hayo ni kweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini iwe ni sheria, isiwe mawaidha, au mila, au bei ya soko. Maoni yetu ni kwamba sheria ilihitajika pale bidhaa ilipovuka bahari, kwa sababu hapo anayeua, anayebeba, anayehifadhi ghalani na anayevaa hawaonani wala hawajuani. Na haikutosha sheria kuwa mwituni. Ilibidi ifike katika bandari ya kati. Mara nyingi bandari hiyo ilikuwa upande huu wa Ghuba, na katika miaka tunayoizungumzia ilikuwa Dubai.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu ni wajukuu wa manahodha, wa wenye maghala ya Forodhani na wa wafanyabiashara wa Deira. Pembe ni sehemu ya mirathi yetu sote. Ndiyo sababu tunaona haifai kuiandika kana kwamba ni habari ya wengine.

Biashara yenyewe ni ya kale. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoitwa Periplus, kilichoeleza bandari za Bahari ya Hindi, kinataja Rhapta, mji wa mwisho katika pwani yetu, na miongoni mwa bidhaa zilizotoka huko ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Bidhaa zote tatu leo zimezuiwa na mkataba tuliotaja. Karne tisa baadaye al-Masudi, aliyesafiri mwenyewe kati ya Oman na kisiwa cha Qanbalu, na ambaye safari yake ya mwisho kutoka huko ilikuwa mwaka 304 Hijria, aliandika katika Muruj al-Dhahab kwamba pembe za nchi ya Zanj hupelekwa Oman, na kutoka Oman huendelea hadi India na Uchina. Akaongeza kwamba lau si hivyo pembe zingekuwa tele katika nchi za Waislamu.

Maneno hayo ya al-Masudi tunayaona muhimu kuliko yanavyoonekana. Miaka elfu moja kabla ya Jebel Ali, tayari palikuwa na mahali pa kati ambapo pembe hazichimbuki wala hazitumiki, bali hupita. Mwenye bandari hakumuua ndovu na wala hakuvaa bangili ya pembe. Alichukua ushuru na kodi ya ghala. Tukiwauliza wafanyabiashara wa namna hiyo juu ya kupungua kwa ndovu, wangetushangaa, na pengine kwa haki: kwao ndovu ni hesabu ya frasila.

Karne ya 19 iliikuza hesabu hiyo. Unguja chini ya Seyyid Said na wanawe ilikuwa soko kubwa kabisa la pembe katika Afrika Mashariki, na forodha ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan. Pembe zilipimwa kwa frasila ya ratili 35, zikapangwa kwa daraja, kuanzia zile kubwa zilizobebwa na watu wawili hadi makalasha. Kilichofuata kinaonekana katika njia za misafara. Ndovu wa karibu na pwani walikwisha kwanza, misafara ikaenda Unyamwezi. Wa Unyamwezi walipopungua ikavuka Tanganyika. Na Hamed bin Muhammed al-Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliufikia utajiri wake Manyema, mamia ya maili ndani ya Kongo, kwa sababu huko pembe zilikuwa bado nyingi na rahisi. Waliozibeba hadi pwani walikuwa wapagazi wa kulipwa, na wengine walikuwa watumwa waliokuja kuuzwa pamoja na mzigo walioubeba. Hatuwezi kuandika juu ya uzuri wa milango ya Mji Mkongwe tukaliacha hilo nje.

Hapa ndipo tunapoiona kasoro ya bei. Wapo wanaosema kwamba kitu kikiadimika hupanda bei, na bei ikipanda wanunuzi hupungua, basi kiumbe hupata nafasi ya kupumua. Kwa pembe haikuwa hivyo. Bei ilipopanda ililipa gharama ya kwenda mbali zaidi. Uadimu ukawa ndio faida, na aliyekuwa na mtaji wa safari ya miaka miwili alipata zaidi kuliko aliyewinda nyuma ya kijiji.

Je, mila haikuwapo? Ilikuwapo, na ilikuwa na nguvu. Sheria ya Kiislamu inamkataza aliye katika ihramu kuua windo la nchi kavu na inamtoza fidia akifanya hivyo. Haramu ya Makka na ya Madina ni mahali ambapo windo halishtuliwi. Waarabu walikuwa na hima, malisho yaliyofungwa kwa muda au kwa aina fulani ya mifugo. Kwetu, Wamijikenda walizilinda kaya zao, na wavuvi wa vijiji vingi wana maeneo na misimu ambayo nyavu haziteremshwi. Lakini angalia masharti ya mila hizo zote. Anayevunja mwiko anaonekana, jina lake linajulikana, na wazee wanaweza kumwita barazani. Mzee wa kaya angewezaje kumwita barazani mchongaji wa Canton? Mila ilikuwa na adabu ya kutosha kwa kijiji, lakini haikuwa na mkono wa kufika ng'ambo.

Sheria za kwanza za maandishi zilikuja na wakoloni, na hazikuja kwa huruma. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri iliyotaka leseni za uwindaji na kutenga maeneo ambayo uwindaji ungekatazwa. (Mwaka huohuo, kwa bahati tu, ndipo ilipojengwa nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum huko Shindagha, Dubai, nyumba ya mawe ya matumbawe iliyoezekwa kwa boriti za mikoko. Tutarudi kwenye boriti.) Tarehe 19 Mei 1900 madola ya Ulaya yalitia saini mjini London mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa mwituni, ndege na samaki wa Afrika. Ulikataza kuua ndovu wachanga na ukaamrisha pembe zenye uzito chini ya kilo 5 zikamatwe. Haukuwahi kuanza kutumika, maana si wote waliotia saini waliouridhia. Lakini ukiusoma unawafahamu walioutunga: wanyama wamegawanywa katika orodha, wengine wa kulindwa kwa manufaa yao, na wengine, kama simba, chui, na mamba, wa kupunguzwa kwa sababu ni waharibifu. Lengo lilikuwa pembe zisiishe na wawindaji wa Ulaya wasikose windo.

Matokeo yake tunaishi nayo bado. Mkamba na Mwaata aliyewinda kwa mshale wenye sumu, kama baba yake alivyowinda, alilala ni mwindaji akaamka ni jangili. Aliyekuwa na leseni na bunduki aliwaua ndovu wengi zaidi akaitwa mwanamichezo. Serikali zilizokuja baada ya uhuru zilirithi sheria hizo pamoja na chuki yake. Mwalimu Nyerere, kwenye mkutano wa Arusha wa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, aliuweka urithi wa wanyama kuwa dhamana ya taifa jipya, na hilo lilikuwa jambo la ujasiri kwa sababu wananchi wengi waliihesabu hifadhi kuwa mali ya Mzungu. Tanzania ikapata sheria yake ya wanyamapori mwaka 1974, Kenya mwaka 1976. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya nyara.

Ukiangalia karatasi tu, ungedhani ndovu na vifaru walikuwa salama. Hali ilikuwa kinyume. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970; kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 500. Katika Selous, pori kubwa kuliko yote Tanzania, ndovu walikadiriwa kuwa 110,000 mwaka 1976 na 55,000 mwaka 1986, na waliendelea kupungua. Afrika nzima ilikuwa na ndovu wapatao milioni 1.3 mwaka 1979. Miaka kumi baadaye walibaki kama nusu. Marufuku ya Kenya ilisimamisha mauzo ya halali ndani ya Kenya. Haikugusa bandari hata moja ya upande wa pili.

Aliyeliona hilo kwa uwazi kuliko wengi alikuwa Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi. Aliianza kazi yake si kwa wanyama bali kwa majahazi. Mwaka 1978 yeye na mkewe Chryssee walitoa kitabu juu ya majahazi ya bandari za Afrika na Arabuni, na mwaka huohuo akatoa kingine juu ya Zanzibar. Kwa kufuata shehena alifika kwenye kipusa, na kwa kufuata kipusa alifika Yemen ya Kaskazini. Huko vijana waliokuwa wakifanya kazi Saudia katika miaka ya neema ya mafuta walirudi na fedha, na kila aliyetaka heshima alitaka jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru, ambao zamani walikuwa nao wakubwa peke yao. Hakuna mhifadhi wa Tsavo aliyeweza kuiona sababu hiyo akiwa Tsavo. Martin alikwenda sokoni Sanaa, akauliza bei, akapima vumbi la pembe linalobaki baada ya mpini kuchongwa. Aliendelea na kazi hiyo miaka 40, akifuatilia bei za pembe na vipusa kutoka mji hadi mji, mpaka alipouawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018. Tunamtaja kwa kirefu kwa sababu yeye ni wa fani yetu: mwanatarikhi wa majahazi aliyegundua kwamba tarikhi hiyo haijaisha.

Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza kipusa mwaka 1982. Marufuku ilibaki kwenye karatasi kwa miaka. Mwaka 1992 mufti mkuu wa Yemen alitoa fatwa dhidi ya kuwaua vifaru kwa ajili ya pembe zao, na Yemen iliyoungana ikaingia katika CITES mwaka 1997. Tunaona mpangilio huo unafaa kuzingatiwa na wale wanaoweka sheria na dini katika mizani mbili: palipokuwa na sheria bila sauti ya wanazuoni, biashara iliendelea, na sauti ya wanazuoni nayo haina kituo cha forodha.

Sasa turudi Dubai. Bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa 1979, na eneo huru la biashara likaanzishwa 1985, likiwa na masharti mepesi ya ushuru na umiliki. Yote mawili yalikuwa werevu wa kibiashara ambao matunda yake yanaonekana leo. Lakini angalia yaliyokuwa yakitokea kwingine wakati huo. Mwaka 1986 CITES ilianza mfumo wa viwango: kila nchi ya Afrika ingetangaza idadi ya pembe itakazouza, na kila pembe ingekuwa na alama na kibali. Hong Kong, soko kubwa la uchongaji, ilifuata mkataba, na pembe ghafi isiyo na kibali haikuweza kuingia huko. Lakini kwa sheria ya Hong Kong ya wakati ule, pembe iliyokwisha kuchongwa haikuhitaji kibali.

Tofauti ya neno moja tu, ghafi na iliyochongwa. Wafanyabiashara wa Hong Kong waliisoma vizuri kuliko walioiandika. Walifungua karakana Jebel Ali. Pembe zilizotoka Afrika bila karatasi zilifika Dubai, kwa majahazi na kwa ndege, zikakatwa na kuchongwa kidogo tu, kiasi cha kuitwa kazi ya mkono, kisha zikaondoka kuelekea mashariki zikiwa huru. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachunguzi wa shirika la Kiingereza liitwalo Environmental Investigation Agency walizipiga filamu karakana hizo kwa siri, na watu waliziona kwenye televisheni mwaka 1989. Mchongaji hakuwa Mwarabu, mnunuzi hakuwa Mwarabu, ndovu hakuwa wa Arabuni. Dubai ilikuwa Oman ya al-Masudi. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mkataba wa dunia, na tangu Januari 1988 Emirati haikuwa ndani yake.

Hatusemi kwamba Dubai peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Burundi, nchi ambayo haikuwa na ndovu wa kutajika, iliuza pembe kwa tani na tani katika miaka hiyo, pembe ambazo zilitoka Tanzania, Zaire na Zambia. Singapore nayo ilikuwa ghala la kupitishia. Kila mlango uliofungwa ulimpeleka mwenye mzigo kwenye mlango uliobaki wazi, na huo ndio ushahidi wetu. Kama sababu za uzuri, amana na utalii zingetosha, ndovu wa Selous wangelindwa na mapenzi ya Watanzania na askari wa wanyamapori. Walihitaji pia kwamba karani wa forodha aliye kilomita elfu kadhaa mbali, ambaye hajawahi kumwona ndovu, awe na sababu ya kisheria ya kufungua kontena.

Mwaka 1989 mambo yalikwenda haraka. Tanzania ilianzisha Operesheni Uhai dhidi ya ujangili, jeshi na polisi wakishirikiana na idara ya wanyamapori, na ikawa mstari wa mbele kupendekeza marufuku kamili ya dunia. Tarehe 19 Julai Rais Moi alitia moto tani 12 za pembe katika hifadhi ya Nairobi. Oktoba, mjini Lausanne, wanachama wa CITES walimpandisha ndovu wa Afrika katika orodha ya kwanza, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 1990. Mwezi mmoja baadaye Emirati ikaridhia tena mkataba. Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini zilipinga, zikisema ndovu wao wanaongezeka na mwanakijiji anayeharibiwa shamba ana haki ya kufaidi pembe. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na ndiyo iliyozaa mauzo maalumu ya 1999 na 2008. Wataalamu bado wanabishana kama mauzo ya 2008 yaliamsha upya tamaa ya soko. Tunachojua ni kwamba katika sensa ya 2013 Selous ilibaki na ndovu wapatao 13,000.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuiona Emirati kama bandari iliyosukumwa na wengine. Lakini Waarabu wa Ghuba walikuwa na kilio chao wenyewe. Choroa mweupe wa Arabuni, al-maha ya washairi, aliishi jangwani karne nyingi akiwindwa kwa ngamia na mbwa. Yalipokuja magari na bunduki za risasi nyingi, alikwisha katika miongo michache. Choroa wa mwisho wa mwituni waliuawa Jiddat al-Harasis, Oman, mwaka 1972. Alibaki duniani kwa sababu wachache walikuwa wamekamatwa mapema, kuanzia mwaka 1962, wakapelekwa katika bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona, wakazaliana. Oman iliwarudisha jangwani mwaka 1982. Emirati ilitoa mwaka 1983 sheria ya shirikisho ya kudhibiti uwindaji wa ndege na wanyama, na leo mwenye kutoka Dubai kuelekea Al Ain anapita karibu na hifadhi ya jangwa ya kilomita za mraba 225 ambamo choroa hutembea tena. Aliyeona mnyama wa mashairi yake akitoweka ndani ya maisha ya mtu mmoja hahitaji kuelezwa na Geneva maana ya sheria.

Habari ya Oman ina ukurasa mwingine. Hifadhi ya choroa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994. Majangili wakawarudia wanyama wale wale, safari hii wakiwakamata wazima kwa ajili ya kuuzwa, na idadi ikashuka kutoka 450 hadi 65. Kisha serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90. Mwaka 2007 UNESCO ikaliondoa mahali hapo katika orodha, mara ya kwanza jambo hilo kutokea duniani.

Kwa upande wa Emirati, jaribio la kweli lilikuja kwa ndege wa kuwindia, yaani kozi. Hapa hapakuwa na wa kulaumiwa ng'ambo: mnunuzi alikuwa nyumbani, na kipenzi chenyewe ni fahari ya majlisi. Kozi walikuwa wakikamatwa Asia ya Kati na Pakistani na kuingizwa bila vibali. Mwishoni mwa 2001 CITES ilizitaka nchi zote zisimamishe biashara ya viumbe na Emirati. Mwaka 2002 ikatoka Sheria ya Shirikisho namba 11 juu ya biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kozi wakaanza kupewa pasi za kusafiria, kila mmoja na pete yake na namba yake. Wapo waliocheka ndege kuwa na pasipoti. Sisi tunaona hapo ndipo sheria ilipoiokoa mila: mwaka 2010 uwindaji kwa kozi uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na usingeweza kuingia ukiwa umejengwa juu ya ndege wa magendo.

Aprili 2015, Dubai, serikali ya Emirati ilisaga hadharani zaidi ya tani 10 za pembe zilizokamatwa zikipita nchini. Walikuwapo walioona ni israfu. Lakini pembe iliyo ghalani ni pembe inayosubiri bei.

Upande wetu wa bahari hauko safi kiasi cha kunyoosha kidole. Sheria ya Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 ni ya Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya 1996, iliyotungwa kwa ajili ya kima punju na mikoko kuliko kwa makontena. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar katika uwanja wa Kilimanjaro na kuondoka. Huo haukuwa mlango wa nyuma. Ulikuwa mlango wa mbele, mchana wa karne ya 21. Na Loliondo, ambako kampuni ya uwindaji kutoka Emirati imekuwa na kitalu tangu 1992, serikali ilipotenga kilomita za mraba 1,500 mwaka 2022, wafugaji wa Kimaasai walilalamika kwamba sheria ya kulinda wanyama imewaondolea malisho wao huku ikimwachia mgeni windo lake. Tunayaona malalamiko hayo kuwa mrithi wa moja kwa moja wa mwaka 1896, na hayatanyamazishwa kwa kutaja idadi ya nyumbu.

Tuliahidi boriti. Nyumba za zamani za Shindagha na Al Fahidi zina vyumba vyembamba, upana wake ukilingana na urefu wa boriti za mkoko zilizokuja na majahazi ya kusi kutoka Lamu na Rufiji. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje, kwa sababu mikoko ilikuwa ikiisha, na samaki pamoja nayo. Ghuba wakati huo ilikwisha hamia kwenye saruji na vyuma, kwa hiyo marufuku haikumuumiza mtu Dubai. Iliwaumiza wakataji wa Lamu.

Udi ni jambo jingine, kwa sababu huo haujapata saruji yake. Mti wa udi, Aquilaria, umo katika orodha ya pili ya CITES: jamii ya malaccensis iliingia tangu 1995, na jamii zote tangu 2005. Unaruhusiwa kuuzwa, lakini kwa kibali kinachoonyesha ulikotoka. Dubai ni moja ya masoko yake makubwa duniani, na kutoka maduka ya Deira unafika Mombasa, Unguja na Moroni ndani ya mikoba ya mashangazi wanaorudi kutoka kutembea. Hakuna harusi yetu isiyofukizwa. Kipande kilichomo katika chetezo kilikatwa katika msitu wa Assam, Kambodia au Kalimantan, kwenye mti ambao kwa kawaida hauna udi ndani yake mpaka uugue, hivi kwamba mkataji huangusha miti mingi akitafuta mmoja. Mwenye duka huwa na karatasi ya mzigo aliouingiza. Sisi tununuapo, tola moja au mbili, hatuiulizi.